Bukari, sumu na ubongo

Ndugu wachimbaji, bamama, batoto: bukari ndiyo nguvu yetu. Lakini muhogo muchungu wenye kulowekwa siku moja tu unabakia na sumu ya sianidi. Sumu hiyo inaharibu chembe za ubongo zenye kuongoza miguu. Ndiyo konzo: mtoto analala muzima, anaamuka miguu imekakamaa, na dawa ya kuponya haiko. Daktari Trolli aliiandika mu 1938, kule Kwango; Mukongomani mwenzetu, Profesa Désiré Tshala-Katumbay, anaichunguza. Maharagwe na samaki vinasaidia mwili kupunguza sumu, chembe zinabakia hai. Tuloweke siku tatu. Unga wa kununua tuulowanishe, tuutandaze juani masaa mawili. Ndiyo maana tukidai mushahara, tunadai na maharagwe.