Pikipiki za Theluji: Ubishi Hauko Kwenye Injini

Kila mwezi wa kumi ukiingia, Waswahili wenzetu waliohamia Alberta na British Columbia, wakaonja utamu wa milima ya huku, huanza kuuliza swali lile lile: kati ya Ski-Doo, Polaris na Arctic Cat, ipi ina nguvu kuliko nyingine? Kwa aliyezoea kuchagua gari au bodaboda, hilo ndilo swali la kwanza. Kwa mashine ya kupandia mlima wenye theluji ya unga, halimfikishi mtu popote. Zote tatu hutumia injini ya tu-stroki yenye silinda mbili na ujazo unaokaribia cc 850. Nguvu zao zimekaribiana kiasi kwamba ukiwafunga madereva vitambaa machoni, wengi hawatajua wamekalia ipi kwa kuvuta mafuta tu. Anayetaka kuona zinapoachana aifunge boneti, azunguke nyuma, apige magoti na kuchungulia pale mkanda wa mpira unapopita. Kinachogombewa na viwanda vitatu ni jambo moja: mashine ilale ubavu kwa urahisi kiasi gani?

Ili jambo hilo lieleweke, lazima kwanza tuijue theluji yenyewe. Inayoanguka kwenye Milima ya Rocky na Selkirk katikati ya msimu ni kavu. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya ya namna hiyo huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100, ilhali ya maji ni kilo 1,000. Sehemu kubwa ni hewa tupu. Mtu akishuka kwenye mashine huzama hadi kiunoni na mguu usiguse kitu kigumu. Lakini ile mashine, yenye kilo 200 hivi kabla haijatiwa mafuta, na dereva juu yake, inapita.

Inapita kwa sababu mbili. Ya kwanza ni eneo. Tunaposema mkanda wa inchi 165 tunamaanisha mzunguko wake mzima. Sehemu inayolala chini haifiki nusu, na upana wake ni inchi 15 au 16. Hata hivyo mzigo wote unagawanyika juu ya eneo linalokaribia robo tatu ya mita ya mraba, na ukipiga hesabu utakuta mashine inaibana theluji kwa chini ya nusu ya anavyoibana mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili. Ya pili ni mwendo. Mkanda una safu za makasia ya mpira yenye kina cha inchi mbili na nusu hadi tatu. Makasia hayo huigandamiza theluji, kisha hujisukuma juu ya kile yalichokigandamiza. Mwendo ukikatika, hakuna tena cha kukanyagia.

Hapo ndipo mgeni huumbuka. Amesimama akiutazama mlima, anataka kuondoka, anavuta mafuta yote kwa pupa. Mkanda unachimba mtaro chini yake, mkia unazama, pua inaelekea mbinguni. Kujikwamua ni kazi ya mikono: unazima injini, unafukua pembeni, unakanyaga theluji mbele ya ski mpaka ishikane, halafu unakamata ski ya upande wa bondeni na kuivuta hadi pua igeukie chini. Mara mbili za namna hiyo kwenye mwinuko wa mita 2,000 na jasho linakulowesha hadi koti la ndani. Wazoefu hawasimami wakiutazama mlima. Husimama wameukingama, au pua ikiwa tayari inaelekea bondeni.

Urefu wa mkanda, basi, ni uamuzi wa kwanza, nao una gharama yake. Inchi 165 huelea vizuri na hupanda mahali ambapo mfupi zaidi ungekwama, ila hukataa kugeuka. Inchi 154, au 155 kwa Polaris, hugeuka upesi katikati ya miti na humsamehe mtu mwepesi. Dukani mnunuzi mgeni karibu kila mara huuziwa mrefu, kwa hoja kwamba zaidi ni bora. Mtu wa kilo 70 anayependa kupenya msituni ningemwambia achukue mfupi na asisikilize mtu.

Sasa tuje kwenye kulala ubavu. Barabarani ski za mbele ndizo zinazogeuza. Kwenye theluji ya kina ski hazina cha kushika. Kinachogeuza ni ukingo wa mkanda. Mtu anayekatiza ubavu wa mlima husimama, huweka miguu yote miwili upande wa juu, huivuta mashine kwake mpaka ski moja inaninginia hewani, kisha, jambo linalowashangaza wote wanaoliona mara ya kwanza, huelekeza usukani bondeni. Mashine haiendi bondeni. Inakata mlima moja kwa moja ikisimama juu ya ukingo wake, na kidole gumba cha mkono wa kulia ndicho kinachoishikilia kwa kuongeza na kupunguza mafuta. Punguza mno, inaanguka juu yako. Zidisha mno, inajinyoosha na kukupeleka usikotaka.

Ndani ya mzunguko wa mkanda kuna reli mbili zinazoubana ulale bapa, na ndani ya mpira kuna fito ngumu za kuukingama. Kadiri mkanda unavyong'ang'ania kulala bapa, ndivyo dereva anavyotumia mabega kuuinua. Viwanda vitatu vimeijibu shida hiyo kwa njia tatu.

Ski-Doo imejibu kwa kulegeza. Tangu modeli za 2013, mashine zake za Summit zina springi za nyuma ziitwazo tMotion, ambazo mkono wake mmoja una kiungo kinachoruhusu mkanda kujipinda kidogo kulia na kushoto. Fito za ndani ya mpira nazo hazifiki ukingoni, hivyo ukingo hukunjika mashine inapoinama. Matokeo yake ni mashine inayolala polepole na kwa kutabirika. Mwalimu yeyote angefurahi kumpandisha mwanafunzi wake juu ya hiyo. Kampuni inayoitengeneza, BRP ya mji wa Valcourt, Quebec, inatokana na karakana ya Joseph-Armand Bombardier, fundi aliyefiwa na mwanawe mdogo majira ya baridi ya 1934 kwa kuwa theluji ilikuwa imeziba njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda, na Ski-Doo ya kwanza ikatoka mwaka 1959.

Polaris, ya Roseau, Minnesota, imekwenda kinyume: imekaza na kupunguza uzito. Pro-RMK ya 2011 iliunganishwa kwa gundi maalumu pale ambapo wengine walipiga ribiti, na modeli za 2013 zikaondoa mnyororo wa ndani na kuweka belti nyepesi. Mashine haijipindi sana, lakini inatii papo hapo. Ukiiamuru kwa mguu inafanya, na ukiiamuru vibaya inafanya vilevile. Zaidi ya hapo Polaris inauza tabia mbili kwa jina moja. Pro hukaza pua chini na kupanda moja kwa moja. Khaos, iliyoingia na modeli za 2020, imepangwa springi zake ili pua inyanyuke, na dereva hodari huizungusha karibu ilipo, ski zikiwa hewani. Nimeona watu wazima wakinunua Khaos kwa sababu ya video, na msimu wote wakaumaliza wamelala chali kwenye theluji. Si kosa la mashine.

Arctic Cat ndiyo iliyothubutu zaidi. Kwa modeli za 2019 ilileta Alpha One: badala ya reli mbili, reli moja tu katikati. Ni kama ngalawa iliyovuliwa matengo. Hakuna cha kuishikilia kushoto wala kulia, ukiegemea kidogo tu imelala. Kwenye theluji ya kina ni raha ambayo wapinzani wake hawajaifikia, na mtu mwenye mabega madogo hukatiza milima aliyokuwa akiiogopa. Ila kwenye njia ngumu iliyogandamizwa, ile ya kilomita ishirini kutoka maegesho hadi mlimani, huyumba na kuchosha. Kiwanda chake kiko Thief River Falls, si mbali na Roseau, na si bahati mbaya. Edgar Hetteen alikuwa mmoja wa waasisi wa Polaris mwaka 1954. Akaondoka na kuanzisha kampuni iliyokuja kuwa Arctic Cat. Ushindani wa viwanda hivi viwili ulianza kwa mtu mmoja kushindana na nafsi yake.

Mimi ningechagua nini? Kwa mtu anayeanza, Summit. Kwa anayejua anachokifanya na ana miguu ya kukifanya, Pro. Alpha One ningeipenda zaidi ya zote kama kila siku ingekuwa siku ya theluji mpya.

Turudi kwenye injini, kwa kuwa kuna jambo moja lenye uzito. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyembamba. Gari dogo lililotoka Mombasa hufika Nairobi limepungukiwa na takriban sehemu moja kwa sita, na dereva wala hajali. Kwenye milima ya Wyoming na Colorado, ambako watu huendesha kwenye mita 3,000, nguvu farasi 165 zinabaki kama 115. Hilo mtu analihisi. Ndiyo maana BRP ilipotoa kwa modeli za 2021 injini ya tu-stroki yenye tabo iliyofungwa kiwandani, ya kwanza kwa pikipiki za theluji, ikiahidi kuzilinda zile 165 hadi mita 2,400 hivi, mafundi wa tabo za mtaani walijua biashara yao imeguswa. Polaris ikafuata na Patriot Boost kwa modeli za 2022. Kwa mtu wa Colorado, tabo ina maana. Kwa wa Revelstoke, huku British Columbia, anayeanzia chini ya mita 500 na kuchezea kwenye 2,000, fedha hizo angezilipia kozi ya uendeshaji na zikabaki.

Kuna mengine ambayo broshua haiyasemi. Joto la injini hupelekwa kwenye mabamba yaliyo juu ya mkanda, na theluji inayorushwa ndiyo inayoyapoza. Barabara ikiwa barafu tupu, hakuna kinachorushwa, na taa ya joto inawaka kabla hujafika mlimani. Dawa yake ni vyuma viwili vyembamba vinavyoteremshwa vikikwaruza barafu ili unga wake urukie mkanda. Visipokuwepo, vinunue siku hiyo hiyo. Gia ya kurudi nyuma nayo haipo kwenye mashine hizi: unabonyeza kitufe, injini inapunguza mzunguko hadi karibu kuzimika, halafu kompyuta inaiwasha izunguke kinyume. Tu-stroki haijali inazungukia wapi. Fundi aliyekulia kwenye Yamaha na Suzuki za zamani ataelewa mara moja na atacheka.

Halafu kuna udanganyifu mdogo wa uzito mkavu. Kampuni hupima mashine bila petroli, bila oili, bila maji ya rejeta. Tangi la lita 40 peke yake ni karibu kilo 30, na theluji inayoganda kwenye fremu hadi mchana huongeza zake. Muuzaji akikuambia yake ni nyepesi kwa kilo tatu, mshukuru na uulize swali jingine. Muulize vipuri viko wapi. Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kwamba inajitoa kwenye biashara hii. Arctic Cat ilinunuliwa na Textron mwaka 2017, ikauzwa tena mwaka 2025. Belti hukatika, na msimu mzuri ni wa wiki chache tu. Wakala aliye saa moja kutoka kwako anastahili kupewa uzito kuliko reli moja au mbili.

Linalobaki linatokana na ubora wenyewe wa mashine hizi. Miaka 30 iliyopita mtu wa kawaida hakuweza kufika kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Leo anafika akiwa mgeni, na hiyo ndiyo miteremko ambayo theluji huporomoka. Tarehe 13 Machi 2010, kwenye Boulder Mountain karibu na Revelstoke, umati ulikuwa umekusanyika chini ya mlima kuwatazama wenzao wakishindana nani atapanda juu zaidi. Theluji iliporomoka; wawili walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Tangu hapo kanuni inayofundishwa ni ile ile: anapanda mmoja, wengine wanasubiri mahali ambapo poromoko halifiki, na aliyekwama hafuatwi na wa pili.

Nafasi ya aliyefukiwa hupungua vibaya baada ya dakika 10 hadi 15 za mwanzo, hivyo wa kumwokoa ni wale alioondoka nao asubuhi. Kila mmoja awe na kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, fimbo ndefu ya kudunga theluji na koleo la chuma. Koleo na fimbo vikae kwenye begi la mgongoni, si kwenye mkoba uliofungwa nyuma ya mashine, kwa kuwa poromoko likipita, mashine huenda njia yake na dereva njia yake.