Kabla ya Kununua Maikrofoni, Tengeneza Chumba

IKIWA una mwana au binti nyumbani anayeimba, anayepiga gitaa au anayeota kuwa mtangazaji, bila shaka umeshasikia ombi hili: "Baba, nisaidie ninunue maikrofoni." Na ikiwa wewe mwenyewe ndiwe huyo kijana, huenda sasa unaweka akiba shilingi baada ya shilingi, ukiamini kwamba chombo kikishafika, wimbo wako utatoka safi kama ile inayochezwa redioni.

Ngoja kwanza, msomaji. Maikrofoni nzuri haichagui. Hunasa sauti yako, na papo hapo hunasa kuta, dari, mabati, upepo na lori linalopita barabarani. Kadiri ilivyo nzuri, ndivyo inavyonasa mengi zaidi. Ndiyo maana mtu aweza kununua chombo cha bei kali na bado wimbo wake ukasikika kana kwamba uliimbwa ndani ya pipa. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika kurekodi, maikrofoni ni mlango tu. Ndani ni chumba.

Zamani shida hii haikuwa ya nyumbani. Miaka ya 1960, studio zilikuwa Nairobi, mojawapo ikiwa Equator Sound, iliyotoa "Malaika" ya Fadhili William. Hata katika enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, miaka ya 1970 na 1980, mwanamuziki wa Ukambani alifunga safari hadi mjini kurekodi, na fundi wa huko ndiye aliyejua siri za chumba. Leo kompyuta imeileta studio hadi sebuleni. Siri za chumba, hata hivyo, hazikuja na kompyuta.

Chumba cha Malili

Tuchukue mfano wa Malili, katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Wengi wenu mnapajua. Ni hapo ambapo serikali ilichukua ekari 5,000 za lililokuwa shamba la Malili kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa Januari 2013, na tangu hapo familia nyingi za Nairobi zimekuwa zikitazama upande huo zikitafuta ploti. Tuseme basi umejenga huko nyumba ya mawe, na kijana ametengewa chumba kimoja cha kurekodia. Kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Kuta zimepigwa plasta, sakafu ni ya saruji, na juu ni mabati.

Simama katikati ya chumba hicho kikiwa kitupu, upige kofi moja. Utasikia mlio mkali unaotetemeka, "trrr", kama bawa la panzi. Nini hicho? Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Baina ya kuta mbili zilizo umbali wa mita 3, kwenda na kurudi ni mita 6, kwa hivyo kofi lako linagonga na kurejea kama mara 57 katika kila sekunde. Sikio lako limezoea na hulipuuza jambo hili unapozungumza. Maikrofoni haipuuzi.

Sauti nzito nazo zina vituko vyao. Katika chumba hicho, noti ya besi inayotikisika mara 57 kwa sekunde hukuta chumba kinamtosha kama kiatu, ikavimba na kunguruma. Noti nyingine hufifia. Mpiga besi atadhani gitaa lake ni bovu, kumbe ni kuta zinazomchagulia noti. Chumba kibaya kupita vyote ni kile ambacho urefu, upana na kimo vinalingana, kwa sababu pande zote huvimbisha noti zilezile. Ikiwa una hiari ya vyumba viwili, kikimbie kilicho mraba kama sanduku.

Mito ya Profesa Sabine

Mtu aliyeifumbua siri hii alikuwa mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeitwa Wallace Clement Sabine. Mwaka 1895 chuo kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wanafunzi hawakuweza kumsikia mwalimu, kwani neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5 huku mengine yakirundikana juu yake. Sabine aliombwa aurekebishe. Usiku, pilikapilika za mji zilipotulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga humo, akapima muda wa sauti kufifia, wakaongeza mito, akapima tena. Asubuhi mito ilirudishwa mahali pake.

Kutokana na kazi hiyo alipata hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo linalonyonya sauti. Chumba chetu cha Malili kina ujazo wa mita 32.4, na nyuso zake zote, yaani kuta, sakafu na dari, ni karibu mita za mraba 62. Plasta na saruji hunyonya kama sehemu 3 tu katika 100 za sauti na kurudisha zilizobaki. Ukikokotoa, utaona kwamba sauti hudumu humo kama sekunde 2.8. Sasa weka mita za mraba 8 za kitu kinene kinachonyonya sehemu 90 katika 100. Muda huo huanguka hadi kama sekunde 0.6. Ni makadirio, kwani mlango, meza na watu nao hunyonya kiasi fulani, na sauti nzito katika chumba kidogo ni kaidi zaidi. Hata hivyo, yanatosha kukuonyesha kwamba huhitaji kufunika chumba kizima.

Kazi mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kuna kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kutuliza mwangwi ndani ya chumba. Ya pili ni kuzuia sauti isiingie wala isitoke. Kinachotuliza mwangwi ni kitu laini, kinene, chenye vinyweleo ambavyo hewa hupenya. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa. Blanketi hutuliza mwangwi lakini halizuii lori. Ukuta wa mawe huzuia lori lakini huleta mwangwi. Anayebandika sponji ukutani akidhani jirani hatasikia ngoma atashangaa jirani akibisha hodi.

Nazo trei za mayai? Pengine umeziona zimepangwa ukutani, nawe ukaanza kuziomba dukani. Ziache. Ni karatasi nyembamba na nyepesi. Hazina uzito wa kuzuia sauti, wala unene wa kunyonya. Hupunguza kidogo tu sauti nyembamba za juu na kuacha zile nzito zikivuma, hata chumba kikasikika kama mtu mwenye mafua. Sababu yake ni rahisi. Mlio wa "sss" una wimbi la sentimita chache. Sauti inayotikisika mara 100 kwa sekunde, ambako sauti ya mwanamume mzima huanzia, ina wimbi la karibu mita 3.4, refu kuliko upana wa chumba chetu. Wimbi kama hilo halishikiki kwa kitu chembamba kama chapati.

Hatari ya moto

Kuna jambo zito zaidi, na hili nawaomba wazazi walisome mara mbili. Sponji ya kawaida, ile ya magodoro, na trei za karatasi hushika moto haraka mno, na moshi wa sponji ni sumu. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki uitwao The Station huko West Warwick, Marekani, cheche za fataki za jukwaani ziliangukia sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 walikufa. Miaka kumi baadaye, tarehe 27 Januari 2013, yaliyo karibu sawa na hayo yalitukia katika ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil. Humo walikufa 242, wengi wao wanafunzi.

Chumba cha kurekodia nyumbani kina waya nyingi, kifaa cha kugawia umeme kilichojaa plagi, na mara nyingi dirisha lenye vyuma na mlango mmoja. Umeme ukipotea, kijana huwasha mshumaa. Ukizifunika kuta hizo kwa sponji, umemjengea mwanao tanuri. Usifanye hivyo.

Fanya hivi badala yake

Kwanza, sikiliza kabla ya kununua. Kwa siku tatu, keti chumbani ukiwa na daftari uandike kila unachosikia na saa yake. Malili utaandika malori na matrela ya barabara ya Mombasa, upepo wa nyanda zisizo na miti mingi, na mabati yanayolia "ta, ta" jua linapoyapasha moto asubuhi na yanapopoa jioni. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza kugonga mabati, hakuna blanketi litakalokuokoa. Daftari hilo litakupa saa tulivu, nazo hazina bei. Chumba cha upande usiotazama barabara ni bora kuliko kile chenye mandhari nzuri.

Pili, ziba nyufa. Upenyo wenye ukubwa wa sehemu 1 katika 100 ya ukuta hupitisha sehemu 1 katika 100 ya nguvu ya sauti, hata ukuta uwe wa mawe mazito namna gani, na sikio huisikia hiyo waziwazi. Funga mpira kuzunguka fremu ya mlango na chini yake. Mlango mzito wa mbao hushinda ule wa ubao mwembamba wenye uwazi ndani. Lakini usizibe hewa yote moja kwa moja. Mfungue mlango kila baada ya muda, na kamwe usiingize jiko la makaa humo wakati wa baridi ya Julai. Gesi yake haina harufu, na huua.

Tatu, tengeneza fremu. Mwambie seremala akuundie fremu za mbao za sentimita 120 kwa 60, zenye kina cha sentimita 10. Zijaze pamba ya mawe, ile inayotengenezwa kwa kuyeyusha miamba na ambayo yenyewe haiwaki, kisha uzivike kitambaa ambacho unaweza kupumua kupitia kwacho. Fundi avae glavu na afunike pua anapoikata. Usipoipata, blanketi nzito za mtumba na taulo kuukuu zilizokunjwa na kushindiliwa hufanya kazi nzuri. Hizo huwaka, kwa hivyo ziwe mbali na taa, plagi na mishumaa. Fremu 11 zinatosha zile mita za mraba 8 tulizokokotoa.

Nne, zipange kwa akili. Keti pale utakaposikilizia, umwache ndugu yako apitishe kioo ukutani taratibu. Kila mahali unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Weka fremu hapo, ukiacha nafasi ya sentimita chache kati yake na ukuta, kwani nafasi hiyo huisaidia kushika sauti nzito zaidi. Nyingine zisimamishe kwenye pembe za chumba, maana ndiko besi hurundikana. Kumbuka pia dari iliyo juu ya kichwa chako. Mabati matupu yanahitaji dari chini yake, hata kabla ya hayo mengine yote.

Tano, kwa asiye na chochote, kuna chumba cha kulala. Kitanda chenye godoro, kabati lililofunguliwa likiwa limejaa nguo, pazia zito na zulia tayari vimefanya nusu ya kazi. Mwimbaji asimame akiipa migongo nguo hizo, blanketi mbili zining'inie nyuma yake na kandokando, maikrofoni ikitazama upande huo. Asimame karibu nayo, kama shubiri moja hivi, ili sauti yake iushinde mwangwi.

Na jirani pia ana haki yake. Kanuni za kelele zilizotolewa nchini mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira hutaka usiku uwe na utulivu kuliko mchana katika makazi ya watu. Ngoma zipigwe mchana. Usiku tumia spika za masikioni.

Ukitaka kujua kama umefaulu, usimuulize rafiki. Kabla hujaanza kazi, rekodi aya moja ya gazeti hili kwa simu yako, ukiwa umesimama mahali pamoja. Ukimaliza kupanga fremu, simama palepale na usome aya ileile. Zisikilize zote mbili, moja baada ya nyingine. Ikiwa katika ile ya pili herufi "t" na "k" zinakatika wazi na mwisho wa neno unanyamaza badala ya kujikokota, chumba chako kiko tayari. Sasa unaweza kwenda dukani kununua maikrofoni, na huenda ukagundua kwamba ile ya bei nafuu inatosha.