Malipo ya ngazi mbili

Malipo ya ngazi mbili ni utaratibu ambao wafanyakazi wa mwajiri mmoja, wanaofanya kazi ileile, hulipwa viwango tofauti kulingana na tarehe ya kuajiriwa. Mara nyingi huwekwa katika mkataba wa hali bora baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri: waliomo kazini hubaki na masharti yao, wanaokuja hupewa pungufu. Wanaoathirika hawana sauti, kwa kuwa mkataba unapojadiliwa bado hawajaajiriwa.

Tofauti na ngazi za kawaida

Si kila tofauti ya mshahara ni ya aina hii. Katika shule za serikali za Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara, kama kwingineko Tanzania, mwalimu mpya mwenye stashahada huanzia daraja la TGTS C, na mwenye shahada TGTS D. Mwalimu wa zamani humzidi, lakini mpya hupanda ngazi zilezile. Katika malipo ya ngazi mbili, mpya huenda asimfikie mwenzake kamwe.

Mfano unaojulikana ni wa Marekani. Mwaka 2007 chama cha UAW kilikubaliana na General Motors, Ford na Chrysler kwamba waajiriwa wapya walipwe takriban dola 14 kwa saa, karibu nusu ya walizolipwa wa zamani. Tofauti hizo zilipunguzwa sana baada ya mgomo wa 2023.

Sheria ya Tanzania

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, umri na ulemavu. Tarehe ya kuajiriwa haikutajwa. Aidha, mkataba wa hali bora humfunga hata anayejiunga na chama baada ya mkataba kuanza.

Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo hapati kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Jambo hilo huwagusa hasa vibarua wa msimu, kwa mfano katika vinu vya kuchambua pamba Bunda, kwa kuwa msimu unaweza kwisha kabla ya muda huo kutimia.

Kwa hiyo usawa wa mfanyakazi mpya hutegemea sana wanachama wa zamani: wao ndio wanaoweza kukataa kiwango pungufu, au kudai mkataba utaje muda ambao wapya watawafikia.