Utambuzi wa watu ndani ya majengo kwa mawimbi ya redio

Utambuzi wa watu ndani ya majengo kwa mawimbi ya redio ni mbinu ya kujua kama mtu yumo ndani ya jengo, yuko wapi na anaelekea upande gani, hata kama hakubeba simu wala kifaa chochote. Hapo ndipo inapotofautiana na GPS, ambayo huhitaji mtu awe na kipokezi, na ambayo mawimbi yake kutoka setilaiti hufika yakiwa dhaifu hata paa na kuta huyavuruga.

Namna inavyofanya kazi

Msingi wake ni ule wa rada. Antena hutuma mawimbi, nayo hugonga vitu na kurudi kama mwangwi. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyaakisi vizuri. Mbao huyapitisha, zege huyapunguza sana, na bamba la chuma huyazuia. Kwa kuwa mawimbi husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, muda wa kwenda na kurudi hutoa umbali.

Ugumu ni wingi wa mwangwi. Kuta, kabati na meza zote huakisi, na mwangwi wa ukuta huwa na nguvu kuliko ule wa mtu aliye nyuma yake. Hata hivyo, kitu kisichosogea hurudisha mwangwi uleule kila mara. Kompyuta ikitoa kipimo kilichotangulia kwenye kipimo kipya, kinachobaki ni kile kinachosogea. Kwa hesabu hiyo mtu aliyetulia naye hupotea pamoja na kabati. Aliyelala hutambuliwa kwa kifua chake, ambacho hupanda na kushuka anapopumua.

Mwaka 2013 Fadel Adib na Dina Katabi wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza kifaa cha Wi-Vi, kilichotambua watu wanaotembea nyuma ya ukuta kwa mawimbi ya Wi-Fi. Mwaka uliofuata WiTrack ilifuatilia mwendo kwa urefu, upana na kimo. Antena moja ya kupokea hueleza umbali tu, si upande. Kwa hiyo ilitumia tatu.

Matumizi na faragha

Baada ya tetemeko la ardhi la Nepal mwaka 2015, kifaa cha FINDER kilichobuniwa na NASA kilisaidia kuwapata wanaume wanne waliokuwa hai chini ya vifusi huko Chautara, kwa kutambua mapigo ya moyo.

Uwezo huohuo huingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Mwaka 2014 mahakama moja ya rufaa ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Neil Gorsuch, ilisema kwamba polisi kutumia rada kuchungulia ndani ya nyumba bila kibali kunazua maswali mazito ya kikatiba. Mwaka 2025 kanuni ya IEEE 802.11bf iliweka utaratibu wa kazi hii kwa vifaa vya kawaida vya Wi-Fi. Mwenye kifaa anaweza kukizima. Mgeni wake, au jirani wa ng'ambo ya ukuta, hana cha kuzima.