Grace Ogot, mkunga aliyeandika vitabu



Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tumekaa kwenye lupango tukichambua maharagwe, tuliwasimulia wenzetu hadithi ya kitabu kimoja tulichokisoma zamani ISP, katika masomo ya Kiingereza. Tulidhani itakuwa ya kupitisha wakati tu. Lakini maharagwe yalisahauliwa, na leo tunawaletea habari hiyo ninyi mliokosa kufika.

Kijana mmoja Mjaluo wa Kenya, jina lake Ochola, anasikia kwamba ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, kuna udongo mzuri na mtu anaweza kutajirika haraka. Anataka kuhama. Bibi yake Nyapol, aliyeolewa juzi tu, hataki: ataacha wazazi, ataacha wenzake, ataishi kati ya watu asiowajua. Lakini bibi anafuata bwana. Wanafika, wanalima, wanapata mali. Ndipo jirani mmoja mganga anaingiwa na wivu. Ochola anapatwa na ugonjwa wa kutisha, ngozi yake inaota kama miiba. Nyapol anamsihi warudi nyumbani. Bwana hataki, anaiangalia mali yake. Mwisho wanarudi, na mali inabaki nyuma.

Tulipomaliza, mama mmoja alisema kwamba Nyapol ni yeye mwenyewe. Bwana yake alitoka kijijini kuja kuchimba hapa Kolwezi, naye alimfuata na watoto wawili bila kuulizwa. Mwingine akakumbusha miaka ya 1992 na 1993, familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga na kungoja gari la moshi pamoja na mizigo na watoto. Kila mtu alikuwa na neno. Kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1966 kilikuwa kinazungumza habari za kwetu.

Kitabu hicho kinaitwa The Promised Land, maana yake nchi ya ahadi. Aliyekiandika ni Grace Ogot, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Afrika kutoa riwaya kwa Kiingereza. Mwaka uleule, Flora Nwapa wa Nigeria alitoa ya kwake, Efuru.

Grace alizaliwa mwaka 1930, upande wa Ziwa Viktoria. Baba yake alikuwa mwalimu, akimsomea hadithi za Biblia. Bibi yake mzee alimsimulia zile za kale jioni. Alijifunza uuguzi Uganda, kisha ukunga London. Aliporudi alifundisha wakunga katika hospitali ya Maseno. Kwa hiyo huyu si mwanamke aliyekaa mezani tu na karatasi. Alipokea watoto kwa mikono yake, na alisikia yale wanawake wanayoyasema usiku wa uchungu.

Mlango haukufunguka mara moja. Alipopeleka hadithi zake za mwanzo kwa watoaji wa vitabu, walishangaa jinsi mwanamke Mkristo anavyoweza kuandika mambo ya kafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika juu ya wokovu. Hakuacha. Moja ya hadithi hizo inasimulia msichana Oganda, binti wa mtemi, anayetolewa kwa mnyama wa ziwani ili mvua inyeshe. Watu wanamwimbia na kufurahi, na yeye anatembea peke yake kuelekea kifo, mpaka kijana anayempenda anamfuata na kumwokoa. Na mvua inanyesha hata hivyo.

Hadithi hiyo imo katika Land Without Thunder, cha mwaka 1968. Humo pia kuna wauguzi Waafrika wa hospitali ya misioni wanaokataa kubeba vyombo vya choo vya wagonjwa, na kuna Elizabeth, msichana wa ofisi anayeharibiwa na mkubwa wake wa kazi, kisha anajiua. Wasichana wetu wanaotafuta kazi mjini wanahitaji kuisikia hadithi hiyo kwa mdomo wa mama zao, kabla hawajakutana nayo wenyewe.

Baadaye vilifuata The Other Woman mwaka 1976, na The Graduate mwaka 1980. Mwaka 1983 alitoa Miaha kwa lugha yake mwenyewe, Kijaluo. Humo kuna jembe lililokuwa likilima lenyewe, mpaka bibi harusi Nyawir akavunja mwiko akalishika kwa mikono yake. Miaka hiyohiyo aliingia Bunge la Kenya, akawa pia naibu waziri. Alifariki Machi 2015.

Kwa nini tunawaandikia haya? Kwa sababu Grace alianza na kile ambacho kila mmoja wetu anacho: hadithi za bibi mzee. Wazee wetu wanazo, za Kisanga, za Kilunda, za Kiluba, za Kichokwe, na kila msiba tunaokwenda, nyingine zinazikwa. Na katika makalasi yetu tunawaona wasichana wenye akili wanaopotea muhula wa pili. Tukiuliza, tunaambiwa wamekwenda kuosha mawe mtoni, maana pesa ya shule haikupatikana. Msichana akiondoka hivyo, anaondoka na vitabu ambavyo angeviandika.

Basi tunaomba jambo dogo. Kila mama anunue kaye moja na biki. Jioni, baada ya bukari, mzee asimulie, na msichana wa nyumbani aandike kwa lugha ileile ya mzee. Asiogope makosa, sisi walimu tutasaidia kusahihisha. Mje nazo kwenye mkutano, tuzisome kwa sauti. Na yule mama aliyesema yeye ni Nyapol, tunamngoja aje na kaye ya kwake.