Nyama ya Kisiwani, Malisho ya Bara

Bei ya kilo ya nyama katika mabucha ya Mji wa Kale, Mombasa, huamuliwa mbali na bahari, kwenye majani ya Tana River, Taita Taveta, Garissa na bara la Kwale. Kisiwa hakina malisho, ila kina walaji wengi.

Mnunuzi mzoefu anayetafuta kidari cha pilau hutazama mafuta kwanza. Yakiwa ya manjano, anajua ng'ombe huyo alikula majani mabichi, maana rangi hiyo hutoka kwenye majani yenyewe. Ukame ukikaza, mafuta hukauka, nyama huwa ngumu, na mwenye bucha hubaki na mifupa mingi kuliko steki. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya.

Ndiyo maana mila za malisho ni habari ya biashara. Waorma hawahamihami ovyo. Masika ng'ombe huondolewa kando ya Mto Tana. Kiangazi hurudi deltani, ambako majani yamepata kupumzika. Waborana wa Isiolo wana dedha, utaratibu wa wazee wa kutenga malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba ya ukame. Mbegu nayo ina thamani yake: majaribio ya ranchi ya Galana katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba ng'ombe wa Kiorma huhimili ugonjwa wa mbung'o kuliko ng'ombe aina ya Boran walioboreshwa. Hiyo ni dawa isiyonunuliwa.

Lakini si kila kijani ni malisho. Huko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa, Rene Haller alianza mwaka 1971 kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji kwa mivinje, na jongoo wakatafuna majani yake makavu hadi udongo ukapatikana. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mti wa mathenge nao uliletwa kwenye machimbo hayo mwaka 1973. Miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola, na leo umeziba malisho na njia za mifugo kuelekea Mto Tana. Kuung'oa ni gharama ambayo mfugaji hawezi kuibeba peke yake.

Na huyo mfugaji halipwi kwa kutunza majani. Minada mingi bado huuza ng'ombe kwa jicho: dalali hukadiria, mfugaji mwenye shida ya karo hukubali. Tume ya Nyama ya Kenya, yenye kiwanda Kibarani na iliyowekwa chini ya Wizara ya Ulinzi mwaka 2020, hulipa kwa uzani na daraja la nyama baada ya kuchinja. Mfumo huo ndio wa haki, kwa sharti malipo yafike upesi. Mfugaji akisubiri wiki kadhaa atarudi kwa dalali mwenye pesa taslimu.

Mabucha ya Mombasa yanaweza kuanza na jambo dogo: kuagiza mifugo kwa pamoja, kwa kilo, kutoka kwa vikundi vinavyofuata ratiba ya malisho, na kuongeza bei kwa ng'ombe aliyefika na mafuta yake mwezi wa Septemba, majani yakiwa yameadimika.