Kaa na Makazi Yake: Amana Iliyo Chini ya Mikoko

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Katika ukurasa wetu wa familia wiki hii tumeona tumzungumzie kiumbe ambaye watoto wa pwani humjua kabla hawajajua kusoma, nasi wakubwa humpita bila kumtazama: kaa.

Swali linaloletwa misikitini kuhusu kaa ni moja tu: je, analiwa au haliwi? Ni swali lenye haki ya kujibiwa, na tutalifikia. Lakini liko swali la pili ambalo ni nadra kulisikia: je, kaa ana haki gani juu yetu, hata kwa yule ambaye hamli kabisa? Ili tulijibu, kwanza tumjue kaa ni nani na anaishi wapi.

Umma wenye sura nyingi

Katika Suratun Nur tunakumbushwa kuwa asili ya wanyama ni maji, na kwamba Muumba ameutofautisha mwendo wao. Kaa ni ushahidi wa wazi wa jambo hilo. Ana miguu kumi, miwili ya mbele ikiwa ni magando ya kushikia na kujilindia, na wengi wao huenda upande. Hana mifupa ndani ya mwili. Gamba lake ndilo mfupa wake. Kwa kuwa gamba halikui, hana budi kulivua kila anapoongezeka, akajificha akiwa laini mpaka gamba jipya likauke. Mtoto akitaka kumtambua dume na jike, amtazame chini ya tumbo: pale ulipokunjwa mkia, wa dume ni mwembamba, na wa jike ni mpana, kwani hapo ndipo abebapo mayai yake.

Wataalamu wameorodhesha takriban aina 7,000 za kaa duniani. Yuko kaa buibui wa Japani, aishiye katika vilindi vya bahari, ambaye akinyoosha miguu hufikia karibu mita 3.7 kutoka ncha hadi ncha. Na wako kaa wadogo mfano wa punje ya njegere, ambao maisha yao hupita ndani ya chaza na kome. Wako waishio kwenye vilindi vya giza vya Bahari ya Pasifiki, kando ya chemchemi za maji ya moto yatokayo chini ya sakafu ya bahari, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki kamwe.

Wala kaa si wa bahari peke yake. Aina zaidi ya 1,000 huishi katika maji baridi ya mito na maziwa. Huku kwetu, katika misitu ya Usambara Mashariki nchini Tanzania na Shimba Hills nchini Kenya, yuko kaa aishiye juu ya miti, ndani ya mashimo ya magogo yaliyojaa maji ya mvua. Wanasayansi walimpa jina lake la kitaalamu mwaka 2004 tu, ingawa alikuwako siku zote.

Mama wa Jamaica

Tuwasimulie watoto wetu habari ya kaa mmoja wa kisiwa cha Jamaica. Katika milima ya chokaa ya kisiwa hicho maji ya mvua huzama upesi ardhini, hivyo vijito ni haba. Kaa huyu ameelekezwa na Mola wake kuzaa ndani ya mmea wa jamii ya nanasi, pale maji yanapotuama kati ya shina na jani. Maji hayo hayatoshi kulea watoto yakiachwa yalivyo. Basi mama huyatengeneza: huyatoa majani yaliyooza ili hewa isipungue, kisha huleta magamba ya konokono na kuyatumbukiza humo. Magamba hayo hupunguza ukali wa maji na kuwapatia watoto madini ya kujengea magamba yao. Halafu huwawindia mende na jongoo, na huwafukuza wadudu ambao wangewala wanawe.

Hakusoma popote, wala hakuna aliyemfundisha. Mzazi aonaye malezi ni mzigo na amtazame huyu, ambaye dunia yake yote ni kikombe cha maji katika jani.

Msafara wa Kisiwa cha Christmas

Katika Bahari yetu hii ya Hindi, kusini mwa Indonesia, kiko Kisiwa cha Christmas kilicho chini ya Australia. Humo wamo ndugu zetu Waislamu wenye asili ya Kimalay, wenye msikiti wao karibu na bandari. Kila mwaka mvua zinapoanza, makumi ya mamilioni ya kaa wekundu hutoka msituni na kuteremka baharini kuzaa. Barabara hufungwa, na serikali imewajengea vivuko chini ya barabara na daraja la kupita juu yake.

La ajabu ni hesabu yao ya mwezi. Majike hutia mayai baharini katika robo ya mwisho ya mwezi, yaani kuanzia takriban tarehe 22 ya mwezi mwandamo, usiku ukielekea alfajiri, maji yanapoanza kupwa. Wakati huo ndio ambao wavuvi wetu huuita maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, na majike hawachukuliwi kwa urahisi na mawimbi. Jike mmoja aweza kubeba mayai yapatayo 100,000. Watoto wakae baharini kiasi cha mwezi mmoja, kisha wale waliosalimika hupanda nchi kavu na kurejea msituni.

Lakini uwingi huo haukuwa ngao. Sisimizi wa kigeni, waliofikishwa kisiwani na shughuli za wanadamu, waliongezeka sana kuanzia miaka ya 1990, wakaua mamilioni ya kaa. Pale kaa walipotoweka, sura ya msitu ikabadilika, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakila majani na miche iliyozidi.

Habari ya kaskazini mwa dunia ni nzito zaidi. Katika Bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi, wanaishi kaa wanaopenda maji ya baridi kali. Baada ya joto lisilo la kawaida la mwaka 2018 na 2019, zaidi ya kaa bilioni 10 walitoweka. Watafiti walieleza kuwa maji yenye joto huzidisha haja ya chakula mwilini, na kwa vile kaa walikuwa wengi mahali padogo, inaelekea walikufa kwa njaa. Mwaka 2022 jimbo la Alaska lilifunga uvuvi wao kwa mara ya kwanza, na familia zilizouishi uvuvi huo zikakosa riziki.

Funzo ni moja. Kaa amevikwa gamba na kupewa magando, lakini silaha hizo hazimfai kitu mahali pake pakiharibika. Anayemwangamiza kaa si lazima amkanyage. Yatosha kumharibia makazi.

Mikoko yetu

Basi tujitazame wenyewe. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, na mikoko ipo pia Tanga, Pangani, Pemba, Unguja, Lamu na Gazi. Ndani ya tope lake wamo kaa koko, ambao watu wa pwani huwavua, kuwanenepesha na kuwauza. Wamo pia kaa wadogo wasio na bei sokoni, wachimbao mashimo na kuyaburuta majani yaliyoanguka hadi ndani. Kwa kazi hiyo chakula cha msitu hakichukuliwi chote na maji, na hewa hupata njia ya kuifikia mizizi. Nchini Australia watafiti waliwaondoa kaa katika vipande vya msitu wa mikoko, na mwaka 1991 wakachapisha walichokiona: sumu iliongezeka katika udongo na miti ikapunguza kukua na kuzaa. Kumbe mkoko humhifadhi kaa, na kaa humhudumia mkoko. Na katika mizizi hiyo hukulia kamba na samaki wachanga, na nyuma yake vijiji hupata kinga ya mawimbi.

Hata hivyo mikoko inakatwa kwa boriti, kuni, mkaa na tanuri za chokaa, na kwingine inafyekwa kupisha mashamba ya mpunga na ya chumvi. Wanaokata si watu waovu. Wengi ni wenye njaa, na baadhi ya boriti hizo zimeezekea nyumba zetu sisi wenyewe. Hivyo lawama haziwatoshi wao peke yao. Mnunuzi asiyeuliza mti umetoka wapi na kama una kibali ni mshirika wao.

Haki ya asiyeliwa

Sasa turudi kwenye swali la chakula. Wanazuoni wetu wamehitilafiana. Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi'i inamkataza kaa kwa kuwa huishi nchi kavu na majini. Wahanafi hawaruhusu mnyama wa majini asiyekuwa samaki. Wamaliki wanamruhusu. Kila familia na ishike ilichofundishwa na mashekhe wake, wala jirani asimdharau jirani kwa chungu chake.

Lakini kutomla si ruhusa ya kumwangamiza. Sote tunaijua hadithi sahihi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Paka haliwi, na haki yake iliulizwa. Akatae msitu mzima wa mikoko bila kujali, amewazuilia viumbe wasiohesabika riziki yao, na hakuna aliyewapa nyingine. Katika Suratul An'am tunafundishwa kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Umma haupimwi kwa ladha yake mdomoni mwetu.

Wazazi, tuanze nyumbani. Tuwakataze watoto kuvunja kaa magando au kuwafunga kamba kwa mchezo. Wavuvi wetu wamrudishe majini jike mwenye mayai. Tunapokwenda ufukweni tusizoe makombe yote ya konokono, kwani wako jamaa wa kaa ambao hawana nyumba nyingine. Tunapojenga, tuulize boriti imetoka wapi. Na vijiji vyenye mikoko iliyokatwa vipande upya pale ilipokuwa ikiota zamani, kwa ushauri wa maofisa wa misitu. Kazi hiyo ni sadaka ambayo watakula humo ndege, samaki na watu.

Siku ya hesabu hatutaulizwa kwa nini kaa huenda upande; hivyo ndivyo alivyoumbwa. Tutaulizwa sisi, tuliopewa akili na amana, tulikwenda vipi katika ardhi yake.

Wabillahi tawfiq.